Mzee Akivaa Makubadhi

"Wewe kijana, wataka kujua mtandao wafa saa ngapi? Mwangalie mzee. Akivaa makubadhi, hesabu dakika tano."

Bi mkubwa wa hesabu aliniambia hivyo huku ameshika kikombe cha kahawa tungu, macho yake hayakuondoka kwenye kitabu cha risiti. Nikacheka. Nilikuwa fundi wa mitandao wa miaka 26, laptopu mgongoni, vyeti viwili kwenye faili, na mama wa makamo aliyeita swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, "kile kisanduku cha mataa" sikuona ana la kunifundisha. Hiyo ilikuwa Juni 2014. Nimemwomba radhi tangu hapo, na si mara moja.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu upande wa Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi yao uwakala wa forodha: kutoa mizigo ya watu pale bandari ya Kilindini, kukimbizana na karatasi, kupigiwa simu za matusi na wenye makontena. Walikuwa na godauni Shimanzi, nalo liliunganishwa na ofisi kwa redio mbili zilizotazamana juu ya mapaa. Ofisini watu kama ishirini. Lalamiko lao lilikuwa moja: mtandao unakufa na kufufuka wenyewe. Chumba cha hesabu ndicho kilichoumia kuliko vyote, kisha godauni. Wengine waliona uzito tu, kurasa zinajivuta, printa inafikiri mara mbili kabla ya kutoa karatasi.

Kilichonitia wazimu ni kwamba kila nikiitwa, niliukuta mzima. Nikifika ngazi ya pili nasikia printa zinanguruma. Nikiingia, watu wananitazama kama mgonjwa aliyepona mlangoni kwa daktari. "Sasa hivi tu umerudi, wallahi." Baada ya safari ya tatu nilianza kuamini wananidanganya.

Mzee mwenye kampuni aliamini zaidi yangu. Kombe la Dunia lilikuwa limeanza kule Brazil, na ingawa mechi zenyewe kwa saa zetu zilichezwa usiku, yeye alikuwa na hakika wafanyakazi wanatazama marudio mchana. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mwanangu, hawa nikiwapa mgongo tu wanafungua sinema. Mimi nikiwapo hakuna shida, sivyo? Nataka jina. Nitafutie ni nani."

Nikasema, "Sawa, mzee." Ningesema nini? Hoja yake ilikuwa imesimama. Akiwapo, mtandao mzima. Akitoka, taabani. Hata asubuhi ilikuwa hivyo: wafanyakazi wanaingia saa mbili, mtandao unasuasua mpaka saa tatu anapofika mzee na gazeti lake.

Kwa kuwa sikutaka kuwa mpelelezi wa watu, nikajishughulisha kwanza na vitu. Hapa Mombasa chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila kitu, kuanzia friji hadi geti. Nikachomoa kebo moja moja, na kweli vichwa kadhaa vilikuwa na ule ukijani wa kutu ambao kila fundi wa pwani anaujua. Nikabadilisha kebo tisa. Mtandao ukafa adhuhuri ile ile. Nikasema ni virusi. Siku mbili nzima nikapita kompyuta hadi kompyuta nikisafisha, na nikaandika gharama yake kwenye ankara bila haya. Siku ya tatu, saa saba kasoro, ukafa tena.

Ndipo nikaamua kufanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: kukaa. Nikaja mapema, nikachomeka laptopu kwenye swichi, nikawasha programu ya kunusa mtandao, ile inayoonyesha kila kinachopita, nikangoja. Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Adhana ikatoka. Nikamwona anafunga dirisha la kamera kwenye kompyuta yake. Alikuwa na kawaida hiyo: kutwa nzima anatazama ngazi na godauni kwenye skrini, lakini hapendi mtu mwingine aione, kwa hiyo akiinuka lazima aifunge. Kisha akavuta makubadhi yake chini ya meza kwa kidole cha mguu, akavaa, akatoka. Bi mkubwa, upande wa pili wa ukumbi, akanionyesha vidole vitano.

Nilitazama saa. Dakika ya kwanza, kimya: tangazo moja la printa, kompyuta fulani inaulizia mwenziwe. Ya pili, ya tatu, ya nne hivyo hivyo. Ya tano ikapita kidogo, na skrini yangu ikafurika. Mistari ilipanda kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata. Maelfu ya pakiti, yaani vipande vya data, zote za video, na hata moja haikuwa yangu. Zilikuwa zimeandikiwa anwani iliyoishia 3f:a9. Kutoka chumba cha hesabu nikasikia mtu anapiga meza.

Hapa niseme kidogo jinsi kisanduku cha mataa kinavyofanya kazi, maana bila hilo kisa hakieleweki. Kila kifaa kina anwani ya kiwandani, biti 48, ambazo huandikwa kwa herufi na tarakimu 12. Swichi ikitoka dukani haimjui mtu yeyote. Inajifunza kwa hodi. Kifaa kikituma neno, swichi inasoma jina la mtumaji, inaandika kwenye jedwali lake: fulani yuko mlango wa 7. Baadaye akija mwenye ujumbe wa fulani, anapelekwa mlango wa 7 peke yake. Lakini asiyepiga hodi hafahamiki, na hata aliyewahi kupiga husahauliwa akinyamaza sekunde 300. Huo ndio muda swichi nyingi zinatoka nao kiwandani. Na ukija ujumbe wa mtu asiyekuwamo kwenye jedwali, swichi haiutupi. Inageuka mpiga mbiu: inaupeleka milango yote, isipokuwa ule ulikotokea, ikitumaini mwenyewe atausikia.

Sekunde 300 ni dakika tano. Nilihisi masikio yananipata moto.

Nikafungua jedwali. Lilikuwa na anwani hamsini na kitu, 3f:a9 haikuwamo. Tarakimu sita za mwanzo za anwani hutolewa kwa kila mtengenezaji na IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi, kwa hiyo nikazitafuta, nikapata jina la kiwanda, na jina hilo hilo lilikuwa limebandikwa kwenye rekoda ya kamera kabatini, futi mbili kutoka gotini pangu.

Rekoda ile ilikuwa na miguu miwili: kebo moja kwenye mtandao wa kamera, nyingine kwenye mtandao wa ofisi ili mzee atazame mezani kwake. Fundi aliyenitangulia alizielekeza kamera zote 12 zipeleke picha kwenye anwani ya mguu wa ofisi. Basi picha zikawa zinazunguka kupitia ruta, kifaa kinachovusha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, zinaingia upande wa ofisi, zinafika rekoda. Rekoda ikiwa na la kuzijibu kamera, inajibu kwa mguu wa pili, moja kwa moja. Mguu wa ofisi ulikuwa unakula tu, hausemi. Ulisema pale tu mzee alipofungua dirisha lake, kwa kuwa hapo ilibidi umpelekee picha. Akifunga, unanyamaza. Baada ya sekunde 300 swichi inausahau. Na ruta, ambayo yenyewe ina daftari lake la anwani, ile ya pale hukumbuka kwa muda wa saa 4 bila kuuliza tena, kwa hiyo iliendelea kumwaga picha kwa 3f:a9 kwa uhakika kabisa, na swichi ikizipiga mbiu nyumba hadi nyumba.

Kamera 12, kila moja megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni 48. Kompyuta nyingi zilikuwa na njia ya megabiti 100, zikabanwa lakini zikapumua. Chumba cha hesabu kilikuwa bado kimeunganishwa kwa habu, babu yake swichi, kuukuu ya megabiti 10 ambayo mzee alikataa kuibadilisha. Ndiyo maana Bi mkubwa alijua kabla ya wote. Na redio ya Shimanzi ilikuwa inasukumiwa picha za godauni lake lenyewe, zilizokwisha kutoka huko mara moja.

Na mimi nilikuwa naponya wagonjwa kwa kupanda ngazi kwa sababu wafanyakazi walipolalamika, mzee aliitwa arudi, naye akirudi kitu cha kwanza ni kufungua kamera aone nani alikuwa anatazama sinema.

Alipotoka msikitini nikamwomba, kwa adabu zote, afungue dirisha lake. Akafungua. Kwenye jedwali 3f:a9 ikajitokeza, mlango wa 7, na mafuriko yakakatika kama bomba lililofungwa. "Sasa funga, mzee, tungoje kidogo." Tulingoja. Nilimwonyesha mistari ilipoanza kupanda. Akatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kwa hivyo kuna sinema."

"Iko, mzee."

"Ya nani?"

Nilitafuta namna ya kulisema nikaikosa. Bi mkubwa, ambaye alikuwa amesogea na faili asiyoihitaji, akaniokoa: "Ya ngazi na godauni, Bwana mkubwa. Haina hata mpira." Mzee hakucheka, lakini masharubu yalitikisika.

Ningeishia hapo ningeonekana mwerevu. Bahati mbaya nilikuwa na haraka. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuzielekeza kamera upya, zipeleke picha kwenye mguu wa mtandao wao wenyewe, ruta isihusike. Hiyo ndiyo dawa, lakini ni kamera 12 na nywila ambazo fundi wa kwanza alikuwa ameondoka nazo. Ya pili, kupatanisha kumbukumbu za ruta na swichi, mmoja asikumbuke muda mrefu kuliko mwenziwe. Ya tatu, kuiandika 3f:a9 kwenye jedwali kwa mkono: huyu anakaa mlango wa 7, asisahauliwe milele. Mstari mmoja wa amri, sekunde kumi. Nikachagua hiyo. Mzee akavaa makubadhi kwa ajili ya alasiri, ukumbi mzima ukatazama saa ya ukutani, dakika ya sita ikapita, ya kumi ikapita. Nikapewa mahamri ya kwenda nayo nyumbani.

Ramadhani ikaingia. Katika kumi la kwanza fundi wa umeme alikuja kurekebisha kabati, akachomoa kebo chache, na akarudisha ya rekoda mlango wa 11 badala ya wa 7. Kwa swichi isiyoandikwa kitu hilo si kosa; rekoda ingepiga hodi mara moja ingejulikana imehamia. Lakini mimi nilikuwa nimeandika milele. Swichi ikaendelea kupeleka picha zote mlango wa 7, ambako hapakuwa na mtu, na kwa kuwa jina lilikuwa kwenye jedwali, haikuwa na sababu ya kupiga mbiu. Usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata hazikurekodiwa. Mtandao, nakiri, ulikuwa mwepesi ajabu.

Mzee alinipigia saa kumi jioni, mimi nimefunga, koo limekauka. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, kamera zangu nyeusi." Nilipofika na kuona kebo imekaa mlango wa 11, nilielewa kabla sijafungua laptopu. Nikaufuta ule mstari. Nikaishusha kumbukumbu ya ruta iwe dakika nne, chini ya tano za swichi, ili ruta iwe inaulizia "uko wapi?" kabla swichi haijasahau, rekoda inalazimika kujibu kwa mguu ule ule, na jibu lake ndilo hodi. Hiyo ilitushikilia mpaka Jumapili, nilipopanda ngazi ya mbao kamera moja baada ya nyingine, nikizirudisha kiwandani na kuzipangia upya, kumi na mbili, kwa saumu, katika godauni la mabati.

Baada ya Idi nilipeleka ankara. Mzee akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama hati ya kontena. Kebo tisa akaweka tiki. Kupanga kamera, tiki. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya maneno "kusafisha virusi, siku 2", akajumlisha upya pembeni kwa mkono, akaniita nisaini kando ya marekebisho.

Nikasaini. Bi mkubwa akagonga muhuri.