Umerudi Dodoma na huna kadi ya chama

Swali la uko upande wa chama gani litakufikia kabla hujamaliza kufungua mabegi. Atakuuliza dereva wa bajaji aliyekupokea stesheni ya SGR, atakuuliza shemeji mkiwa mezani, na kundi la WhatsApp la ukoo litasubiri jibu lako. Ukisema huna chama, majina yapo tayari: popo, vuguvugu, ndumilakuwili. Ukiisifu barabara ya mzunguko wewe ni chawa. Ukihoji kesi ya uhaini ya Tundu Lissu umetumwa na mabeberu. Tunaorudi bila kadi mfukoni ni wengi, na haya ni kwa ajili yetu: lipi linawezekana hapa, lipi haliwezekani, na watu hukwamia wapi.

Tuanze na mlango uliofungwa. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 39 na ya 67 zinataka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Yaani kaa bila chama upendavyo, ila usiombe kura. Kesi ya jambo hili ilianzia hapa hapa kwetu. Mchungaji Christopher Mtikila aliifungua Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba mgombea binafsi aruhusiwe. Mwaka huo haujaisha, Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba na mlango ukafungwa upya. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Juni 2013 mahakama hiyo ilitamka kwamba Tanzania imevunja haki zake. Alifariki Oktoba 2015, sheria ikiwa vilevile. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, ambayo ingemruhusu mgombea binafsi, ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa na haijapigwa. Kwa hiyo anayekuambia "kama wote hawafai gombea mwenyewe", mtajie ibara.

Wengine hurudi na wazo la kuanzisha chama cha tatu. Hesabu yake ni hii. Kwanza unapata usajili wa muda. Kisha ndani ya siku 180 lazima upate wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo lazima uwepo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Wote wawe na sifa za kuandikishwa kupiga kura. Kosa la kawaida ni kukusanya watu 2,000 Dodoma, Singida na Manyara ukadhani umemaliza. Hesabu ni ya mkoa kwa mkoa, na Pemba ndiko unaweza kukwama, maana huko watu wana vyama vyao vya tangu baba na babu. Zaidi ya hapo, mbunge akihama chama anapoteza kiti. Kwa maoni yetu hiki ndicho kifungu kinachoifanya katikati iwe tupu bungeni kuliko kingine chochote: mbunge anayewaza tofauti na wenzake hana pa kusogea akiwa bado mbunge.

Wanaohama hungoja uchaguzi, na wakihama huhama na watu wao, hoja zikabaki nyuma. Edward Lowassa alitoka CCM Julai 2015 akagombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, chama kilichokuwa kimemsakama kwa miaka juu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Machi 2019 akarudi CCM. Waliotukanana kwa ajili yake 2015 walibaki na matusi yao.

Lakini tuseme wazi, kuwa katikati si kugawa kila jambo nusu kwa nusu. Watu waliuawa uchaguzini Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, na intaneti ikazimwa. Mtu aliyefiwa na kijana wake usimpe hotuba ya pande mbili. Nenda msibani, keti, toa rambirambi, sikiliza. Ukiulizwa, sema kwamba aliyeua awajibike, awe amevaa sare au hakuvaa. Hilo halihitaji kadi. Vivyo hivyo kanga ya kampeni anayombebea mtoto mama mdogo, au kofia ya njano anayopalilia nayo mjomba zabibu zake Mpunguzi, usiisome kama kura. Ni nguo, ilitolewa bure, na jua la Dodoma ni kali.

Sasa mlango ulio wazi. Watu watatu usiwachanganye. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM. Wazee humwendea kwa ugomvi wa mipaka na ni heshima kumsalimia ukihamia, lakini yeye si serikali. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji amechaguliwa, naye alipita kwa tiketi ya chama. Mtendaji ni mtumishi wa umma mwenye mshahara, na ndiye mwenye mafaili. Ukihitaji barua ya utambulisho au nakala ya muhtasari, anza kwa mtendaji. Ukianzia kwa balozi unaweza kujikuta unaulizwa kadi kwa jambo lisilohusu kadi.

Daftari la wapiga kura nalo lina msimu wake. Uboreshaji uliopita ulikwenda kwa mizunguko ya mikoa, siku 7 kila mzunguko, na aliyekuwa amejiandikisha Ilala au Temeke alitakiwa kuhamisha taarifa zake kituoni akiwa na kadi yake ya zamani. Uchaguzi wa serikali za mitaa una daftari lake jingine: la 2024 liliandikwa Oktoba 11 hadi 20, kura zikapigwa Novemba 27. Wengi waliorudi walikuwa na kadi ya Tume ya Uchaguzi, wakadhani inatosha kote, wakakosa kura ya mwenyekiti wao.

Kubwa kuliko yote ni mkutano mkuu wa kijiji. Chamwino, Bahi, Kongwa, popote palipo na kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Hakuna anayeulizwa chama. Sheria inataka ukutane walau kila miezi 3, na hapo husomwa mapato na matumizi. Ule wa Januari hadi Machi mara nyingi hukosa akidi, maana watu wako mashambani kwenye uwele na mtama. Ule wa baada ya mavuno ndio wa kujiandaa nao. Mwenyekiti akifungua kwa "Kidumu Chama!" na mikono ikapanda, usigombane naye, huo ni ugomvi anaoumudu na wewe utatoka bila jibu. Salimia kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, taja kitongoji chako, kisha uliza jambo moja lenye tarehe: fedha za ndoo zilizokusanywa bombani tangu Julai hadi Septemba ni kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi? Swali la hivyo hulipigia makofi mwenye kijani cha CCM na mwenye kombati ya CHADEMA, kwa sababu wote wanachota pale.

Kisha mwangalie anayeandika. Swali gumu ndilo huachwa nje ya muhtasari. Muhtasari husomwa mwanzoni mwa mkutano unaofuata kabla ya kuthibitishwa, kwa hiyo wahi, kaa mbele, na nyoosha mkono kabla mwenyekiti hajauliza kama wajumbe wanaafiki.