Saa Moja ya Athi

Mwaka 2003, nikiwa fundi msaidizi, niliambatana na fundi mkuu wetu, tuliyemwita Mzee, kupima kebo ya kilovolti 11 iliyozikwa katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Kebo hiyo, ambayo kihami chake (kinachozuia umeme usivuje) kilikuwa karatasi iliyoloweshwa mafuta, ilikuwa imeungwa upya baada ya kukatwa na wachimba mtaro, na kabla ya kurudishiwa umeme ilitakiwa kuhimili kilovolti 20 za mkondo mnyoofu (DC) kwa dakika 15.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Tulizungushia utepe, tukafunga swichi kwa kufuli na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Mzee. Kwenye ncha ya pili, mita zipatazo 800 kutoka tulipokuwa, tulimweka mwenzetu mwenye redio ya upepo, kwa kuwa huko nako volteji ni ileile na mpita njia hana habari na mashine yetu ya kupimia.

Kebo ilihimili. Nilizima mashine, nikagusisha fimbo ya kutolea chaji, iliyounganishwa na athi, yaani ardhini, hadi mshale wa mita ukalala kwenye sifuri, kisha nikaiondoa na kunyoosha mkono ili nifungue waya wa mashine.

"Rudisha mkono, mwanangu."

"Mzee, mita inasoma sifuri."

"Ilisoma sifuri fimbo ikiwa imegusa. Itazame sasa."

Mshale ulikuwa unapanda taratibu, mashine ikiwa imezimwa, ukapita kilovolti moja. Karatasi ile hunywa chaji muda wote wa kipimo. Fimbo huondoa iliyo karibu kwa sekunde chache, lakini iliyozama hurudi kwenye kondakta mara tu athi inapoondolewa. Jambo hilo nilikuwa nimelijibu katika mtihani wa chuo, ila sikuwa nimewahi kuliona.

Mzee aliirudisha fimbo, kisha akafunga waya wa athi kwa klempu. "Mara nne ya muda wa kipimo," alisema, yaani saa nzima. Naamini saa hiyo ndiyo huibiwa kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu mteja huwa amesimama pembeni akisubiri umeme wake. Meneja wa kiwanda alikuja mara mbili kuuliza. Mzee alimjibu kwa heshima na hakubanduka. Mwenzetu wa ncha ya pili naye aliambiwa abaki palepale.

Saa ilipotimia, Mzee alipima tena, kisha, athi ikiwa bado imefungwa, akaniruhusu kufungua waya wa mashine.