Jinsi Nilivyopima Mitungi ya Gesi Hadi Nikasikilizwa

Mtungi wa kilo 6 ulikuwa ukinifikisha Jumamosi. Naufungua Jumatatu alfajiri, napika chapati hadi watu waishe barabarani, napumzika, naurudia jioni wanapotoka kazini. Jumamosi usiku ndipo moto unaanza kulegea. Hesabu hiyo naijua kama ninavyojua pakiti za unga ninazokanda kwa siku. Kwa hivyo mwanzoni mwa 2022, mtungi ulipozimika Alhamisi, chapati ikiwa bado mbichi upande mmoja na wateja wanne wamesimama mbele yangu, nilijua nimepunjwa.

Kibanda changu kiko Kayole, hapa Nairobi. Zamani nilipikia makaa. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni Februari 2018, gunia la makaa lilipanda bei hadi likanishinda, nikahamia gesi. Kisha Julai 2021 gesi ikarudishiwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, na kila aliyekuwa na meko ya gesi nyumbani akaanza kutafuta duka la nafuu. Nami nilipata langu. Lilikuwa likiuza kwa shilingi 1,200 wakati wengine wanauza 1,400. Nani angeacha mia mbili zake?

Nilimrudishia kijana wa duka mtungi mtupu, nikamweleza. Akaniambia, "Mathe, pengine siku hizi unapika sana." Sikumjibu. Ningemjibu na nini? Nilikuwa na hasira na hesabu ya kichwani tu, na yeye alijua hivyo.

Machi 15 mwaka huo, mwenzangu wa chama chetu cha wanawake alinivuta kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa. Tarehe hiyo ni Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Ilichaguliwa kwa sababu ya hotuba ya Rais Kennedy wa Marekani mbele ya bunge lao mwaka 1962, alipotaja haki za mnunuzi. Mada ya 2022 ilikuwa fedha za kidijitali, na msemaji aliongea sana juu ya mikopo ya simu. Kitu kimoja alichosema kilinikaa. Alitukumbusha kwamba kuna wakati ulikuwa ukituma pesa au kukopa kwa simu bila kujua utakatwa ngapi mpaka umekatwa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ikaamuru kampuni zionyeshe gharama kwanza, kabla mtu hajakubali. Mimi nilidhani maandishi yale yalijileta yenyewe kwenye simu yangu. Kumbe kuna watu walikaa wakalalamika, na wengine wakakaa wakaamua.

Nikauliza kuhusu gesi. Msemaji akanisomea Kifungu cha 46 cha Katiba. Mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuja kuliona kuwa ndilo kazi yenyewe: "Mama, umepima?"

Sikuwa nimepima.

Kila mtungi una namba imegongwa kwenye chuma cha shingoni, karibu na herufi T. Huo ni uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Miaka yote nimebeba mitungi sijawahi kuinama kuisoma. Wangu uliandikwa 7.1. Ina maana kwamba ukijazwa kilo 6 kamili, mizani isome 13.1.

Mizani nilipata kwa jirani anayeuza vyuma chakavu. Rais alikuwa amepiga marufuku biashara hiyo tangu Januari 20, na mizani yake ya kuning'iniza ilikuwa imelala tu. Nikanunua gesi pale pale nilipozoea, nikaupeleka mtungi moja kwa moja bila kufungua sili, tukautundika. Mshale ukayumba, ukatulia kwenye 11.8. Tukaushusha, tukautundika tena. 11.8. Ndani mlikuwa na kilo 4.7.

Nilikaa juu ya debe nikapiga hesabu nyuma ya pakiti ya unga. Shilingi 1,200 kwa kilo 4.7 ni kama 255 kwa kilo. Duka la 1,400, kama linajaza kilo 6, linaniuzia kilo kwa 233. Kumbe duka la nafuu ndilo lililokuwa ghali kuliko yote mtaani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza wenzangu waende huko. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Niliandika malalamiko usiku huo huo, kurasa mbili, nikayapeleka ofisi moja ya umma. Nikaambiwa hiyo si kazi yao, niende nyingine. Ya pili walinipokea vizuri, afisa akasoma yote mpaka mwisho, kisha akauliza mizani niliyotumia ilipigwa muhuri lini. Sheria ya Vipimo na Mizani inataka kila mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na ya jirani yangu haikuwa nao. "Mama, siwezi kumfunga mtu kwa mizani ambayo yenyewe sijui kama inasema kweli." Nilitoka pale nikiwa nimevunjika moyo. Lakini kwenye matatu, kabla hatujafika Donholm, nilikuwa nimekubali kwamba yule afisa alisema haki. Kama kijana wa duka angenishtaki mimi kwa mizani mbovu, ningesema maneno yale yale.

Basi nikaanza upya. Mzee mmoja mwenye duka la nafaka ana mizani ya jukwaa ya kupimia magunia, na muhuri wake ni wa mwaka ule. Nilimwomba, akakubali kwa sharti moja: tupime asubuhi kabla ya wateja wake kuja. Tulikuwa wanawake sita wa chama. Tulikubaliana kwamba kila anayeishiwa gesi asinunue kwa duka lake la kawaida bali kwa lile atakalopangiwa, ili maduka manne yote yaguswe. Risiti ilikuwa shida, kwa sababu ukiomba unaangaliwa kama umekuja kupeleleza. Dawa yake ilikuwa kulipa kwa M-Pesa kwenye namba ya duka. Ujumbe unaorudi una jina la duka, kiasi, tarehe na saa. Ni risiti tosha, na muuzaji hawezi kukunyima.

Kila mtungi tuliuandikia mstari wake kwenye daftari: duka, tarehe, bei, namba ya T, mizani ilisoma ngapi, gesi kamili ni ngapi, sili ilikuwaje. Tukapiga picha ya namba ya T na picha ya mizani, mtungi ukiwa juu yake. Mzee wa nafaka akaweka sahihi kama shahidi. Kwa wiki tano tulipima mitungi tisa. Maduka mawili yalikuwa sawasawa, tofauti ni gramu chache. La tatu lilichanganya, mara sawa, mara pungufu. La nne, langu lile la nafuu, mitungi yote mitatu ilipungua kwa zaidi ya kilo moja.

Safari hii nilipeleka daftari badala ya kurasa za machungu. Maafisa wa vipimo walikuja katikati ya wiki na mizani yao na mawe yao, wakapima mitungi iliyokuwa dukani, wakaondoka na kadhaa. Duka likafungwa.

Sasa nifike mahali ambapo sikujiandaa. Jioni ya siku hiyo kijana alikuja kibandani. Nilidhani atanitukana. Alikaa kwenye benchi, akasubiri wateja wapungue, akasema, "Mathe, mimi nauza vile nimeletewa. Ungeniambia." Nikamwambia nilimwambia, naye akanijibu ninapika sana. Akanyamaza. Kisha akanieleza gari linalokuja usiku, linachukua mitungi mitupu ya kila rangi na kuleta iliyojaa, bei ya chini, bila karatasi yoyote. Sili zinakuja zimefungwa. Yeye hakuwa na mizani na hajawahi kuulizwa awe nayo. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia. Nililala vibaya usiku ule, na watu wawili mtaani hawakunisalimu kwa muda mrefu.

Sijutii, lakini nilielewa kwamba nilikuwa nimemshika mtu wa mwisho kwenye mnyororo, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mkono wangu. Ndipo nikaanza kusoma kanuni zenyewe. Kanuni za gesi za 2009 zilitaka mitungi midogo iwe na valvu ya aina moja, ili urudishe mtungi wa kampuni yoyote na kuchukua wa nyingine. Kwa mnunuzi huo ulikuwa uhuru mkubwa. Kampuni ikikuudhi, unaihama leo leo bila kununua mtungi mpya, na kampuni ndogo zilipata nafasi ya kuingia sokoni. Upande wa pili, mtungi wa kampuni moja ulijazwa na nyingine, au na mtu asiye na leseni kabisa, na mwenye jina lililoandikwa juu yake akasema hahusiki. Kanuni za 2019 zikaondoa ulazima huo. Sasa kubadilishana kunategemea makubaliano ya kampuni, na huruhusiwi kujaza mtungi wa mwenzako bila idhini yake.

Wakati kanuni hizo zinatoka nilikuwa mmoja wa waliolalamika kwamba wakubwa wanataka kutufungia. Bado naamini kumfunga mnunuzi kwa kampuni moja ni kumwondolea nguvu pekee aliyonayo, hasa kwa gesi, ambayo bei yake haitangazwi na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi kama ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei ya gesi inategemea ushindani tu. Lakini daftari letu lilinionyesha jambo ambalo nilikuwa nimelipuuza. Mitungi iliyopungua ilikuwa ya rangi tatu tofauti, majina matatu makubwa, na sina hakika kama hata mmoja ulijazwa na mwenye jina. Ushindani ambao huwezi kujua nani amekuuzia haukusaidii. Unakuachia bei ya kulinganisha bila bidhaa ya kulinganisha.

Kijana alifungua tena baada ya kama wiki mbili. Siku hizi ananunua kwenye ghala lenye leseni, kwa karatasi, na bei yake imepanda ikawa kama ya wengine. Mlangoni amening'iniza mizani yenye muhuri. Mtu akija, yeye ndiye anayegeuza shingo ya mtungi na kusema, "Soma hapa kwanza." Maduka mengine mawili yakaona wateja wanakwenda kwake, nayo yakanunua mizani. Hilo hakuna afisa aliyeliagiza.

Ushuru nao ulishuka hadi asilimia 8 Julai 2022, ukaondolewa Julai 2023. Niliandika bei za maduka yote manne kila wiki. Ushuru ulipopanda 2021, nakumbuka, bei ilipanda mara moja. Uliposhuka, duka la mwisho lilichukua wiki tatu kupunguza. Tulibandika karatasi ya bei kwenye nguzo ya kibanda changu, maduka yote kwa safu, na nafikiri karatasi hiyo ilifanya kazi kuliko barua zangu zote.

Usiku wa Februari 1, 2024, tulikuwa tumeshalala mbingu ikawaka upande wa Embakasi. Kule Mradi kituo cha kujazia gesi kilicholipuka hakikuwa na kibali cha EPRA. Watu walikufa, zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa, nyumba na magari yakaungua. Asubuhi kijana alikuja kibandani kabla hajafungua duka, akasimama tu. Wote wawili tulikuwa tunafikiria lile gari la usiku. Hakuna anayejua lilikuwa likijazia wapi. Mpaka siku ile nilikuwa nimehesabu upungufu kwa shilingi. Sikuwa nimewaza kwamba gesi inayopungua kilo moja imejazwa na mtu asiyefuata kipimo chochote, na huyo hafuati hata kipimo cha umbali kati ya moto na nyumba za watu.

Tangu hapo chama chetu kimekusanya sahihi katika mitaa mitatu. Tumeandikia kaunti tukiomba mambo mawili: duka la gesi lisipewe leseni ya biashara bila mizani yenye muhuri mlangoni, na kila mtungi uuzwe na karatasi inayotaja ulikojazwa. Jibu la kwanza limekuja. Wanataka kumbukumbu zetu za vipimo. Daftari zimefika tatu, moja ina doa la mafuta ya chapati ukurasa mzima lakini namba zinasomeka. Jumatatu nazipeleka kutolewa nakala kabla hazijatoka mikononi mwangu.