Kichwa cha mvuke, wiki ya tisa: valvu ya kulia

Kichwa cha treni ninachokiunda nyumbani, mfano mdogo unaoendeshwa kwa mvuke wa kweli, kimesimama juu ya magurudumu yake, mabomba yote yamefungwa, na kilichobaki ni rangi na kibanda cha dereva. Ningekuwa nimeshafika kwenye rangi kama si valvu moja iliyonimezea wiki tatu.

Wageni wakiona reli zilizotandikwa uani huniuliza kwa nini upana wake ni milimita 45. Kichwa changu ni mara 22.5 kidogo kuliko cha kweli. Zidisha 45 kwa 22.5 upate milimita 1,012.5, karibu mita moja kamili, na mita moja ndiyo upana wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu. Baba alikuwa fayaman kwenye reli hiyo, nami nimelelewa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alipanda zile Garratt za daraja la 59, vichwa 34 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilichoma mafuta, kwa hiyo baba hakupiga koleo la makaa. Kazi yake ilikuwa kuchunga moto na maji. Seti ya vipuri vya kujiundia mfano wa Garratt siwezi bei yake. Hiki ni kichwa kidogo cha magurudumu sita, silinda mbili, kinachochoma gesi ya kopo. Boila la shaba lilikuja limeshaunganishwa na kupimwa kwa maji, na hapo sikugusa kitu.

Magurudumu yalinichukua siku moja. Krenki ya kushoto, yaani mkono unaozungusha gurudumu, ikitazama juu, ya kulia lazima itazame mbele, ili silinda moja ikifika mwisho wa safari yake nyingine iwe katikati inasukuma. Ukikosea hapo, kichwa kinaweza kusimama mahali pasipo na pistoni ya kukiondoa.

Jaribio la kwanza nilifanya kwa hewa, si kwa mvuke. Nilikibeba hadi kwa fundi wa pancha pale stendi, akashusha kompresa hadi presha 20, tukaunganisha mpira. Magurudumu yakazunguka! Nilifurahi mno, lakini fundi aliinamisha sikio akanyamaza kidogo.

"Mzee, huyu anachechemea. Sikiza: tatu nzito, moja nyepesi."

Alisikia sawasawa. Kichwa cha silinda mbili hupumua mara nne kila mzunguko wa gurudumu, kwa sababu kila pistoni husukumwa kwenda na kurudi. Changu pumzi ya nne ilikuwa dhaifu.

Nilianza kutafuta mahali pasipofaa. Wiki nzima nilibadilisha gasketi, nikapaka oili, nikalegeza rodi na kuzikaza tena. Wiki ya pili ndipo nilipofungua kifuniko cha kisanduku cha mvuke upande wa kulia. Ndani yake mna valvu, kipande cha shaba nyeupe kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinachoteleza juu ya matundu na kuruhusu mvuke upite mbele au nyuma ya pistoni. Niliwasha tochi, nikashika kioo cha kukuzia, nikazungusha gurudumu polepole. Pistoni ikiwa mwisho wa mbele, tundu la mbele lilifunguka kama unene wa kadi. Ikiwa mwisho wa nyuma, tundu la nyuma halikufunguka hata kwa unywele. Valvu ilikaa nyuma kupita inavyotakiwa.

Fimbo yake ina hesi inayosogea milimita 0.4 kila mzunguko, na jicho lake la mwisho hukubali kufungwa likiwa bapa tu, kwa hiyo hatua ndogo kabisa ni nusu mzunguko. Nusu mzunguko ni milimita 0.2. Niligeuza mara moja, nikafunga, nikazungusha tena: mwanga mwembamba mbele, mwanga mwembamba nyuma, sawa kwa sawa.

Jumapili alfajiri nilijaza maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa, nikatia oili ya mvuke, nikawasha gesi. Geji ilipofika 30 nikafungua. Kwanza kilitema maji kwenye dohani, kwa kuwa silinda zilikuwa baridi na mvuke uligeuka maji humo ndani. Nikakisukuma kwa mkono mbele na nyuma mpaka zikapata joto. Kisha kikaondoka chenyewe, pumzi nne zilizo sawa, kikazunguka uani karibu dakika 20 hadi gesi ikaisha. Baba alipenda kusema unamjua kichwa kwa sauti kabla hujamwona. Nilisimama nimefumba macho, nikasikiliza.

Jumanne nitapita makumbusho ya reli hapa Nairobi na kadi zangu za rangi, nizilinganishe na ubavu wa Garratt ya 5918 Mount Gelai kabla sijanunua kopo la maruni.