Sarafu za Mama

Kwetu Marangu, usharika huwa na pesa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Walioko Dar na Arusha wamerudi migombani, magari yamepangana hadi barabarani, na wazee wa kanisa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo Desemba 2005, jengo la shule ya Jumapili likiwa limeishia kwenye lenta na mabati hayapo, ikatangazwa siku ya vipaji.

Majaji hawakuwepo. Mbele ya jukwaa liliwekwa beseni la aluminiamu, ukifurahishwa unakwenda kutunza, na atakayepata nyingi ndiye mshindi. Mpaka leo naona ule ulikuwa mnada kama ile ya mikungu ya ndizi na majogoo tunayofanya nje ya kanisa sikukuu ya mavuno, ila safari hii tulionadiwa ni sisi.

Mimi nilikuwa darasa la sita, mpulizaji wa mwisho kabisa katika kundi la tarumbeta. Hapa tarumbeta ni mambo ya zamani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na upulizaji huu wa kanisani tumeurithi kwa Wajerumani. Langu lilikuwa mali ya usharika, limebonyea, na kitufe chake cha katikati kikishuka kilikuwa na tabia ya kugoma kupanda. Dawa yake ilikuwa mate.

Asubuhi ile mama alinituma dukani na noti ya elfu mbili, ile yenye simba.

"Mwambie akupe sarafu za mia mia tupu."

"Zote?"

"Zote, baba. Nikitoa noti nitainuka mara moja tu, basi nimekaa."

Sikumwelewa. Nilirudi mfuko wa kaptula umening'inia upande mmoja.

Ngonjera za watoto zilipita, na igizo la kina mama likapita. Kisha akapanda mzee mmoja kuigiza sauti za wachungaji wote waliowahi kutuhudumia: anayekohoa kabla ya kila "amina", anayevuta "ndugu zaaanguni", wote. Mchungaji wetu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Ilipofika zamu ya sauti yake mwenyewe, akaivaa tena. Binti mmoja wa kutoka Dar alicheza kwa kinanda, na ndugu zake walimiminika na noti za elfu kumi kumi, nyingine wakambandika kwenye paji la uso.

Halafu wakaniita mimi.

Nilichagua wimbo wa kitabuni wa beti tatu. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, mstari wa kwanza tu, kitufe kikazama na kukaa hukohuko. Nikakivuta kwa kucha. Wapi! Nikatema mate, lakini kinywa kilikuwa kikavu kama pumba. Kanisa zima likawa kimya, na mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akacheka.

Ndipo nikasikia *tang'!*

Mama alikuwa mbele ya beseni. Sarafu moja. Alirudi hadi kwenye benchi lake akicheza, kitenge kikiyumba, wala hakuna muziki wowote. Akageuka, akaja tena. *Tang'!* Akarudi. Akaja. Nilitamani sakafu ipasuke. Zamu ya yule binti beseni lilikuwa halitoi sauti, maana noti hazilii, na zamu yangu lilikuwa likilia kama kengele ya shule.

Mara ya sita watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. "Saba! Nane!" Kufika kumi na mbili, kina mama wawili wa jumuiya yetu wakainuka wakamfuata kwa vigelegele, na mimi, kwa kukosa pa kujificha, nikarudisha tarumbeta mdomoni. Nikapuliza zile noti za wimbo zinazotaka kile kitufe kiwe chini, nyingine nikaziruka. Wimbo ulitoka na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nilifika mwisho.

Mtunza hazina alipotangaza, mimi nilikuwa wa tatu kutoka chini. Sikusema na mama hadi tulipovuka daraja, na hata hapo niliongea kwa hasira tu.

"Wamehesabu kumi na tisa."

"Eeh."

"Nilikuletea ishirini."

Akafungua pindo la kitenge. Ilikuwa humo, imefungwa fundo.

"Hii ni ya chumvi. Tembea, giza linaingia."