Kama Mtoto Aliyeachishwa: Kipimo cha Sala kwa Kila Majira

Tumsifu Yesu Kristo. Juma hili tukae na Zaburi ya 131. Ina aya tatu tu, husomwa kwa chini ya dakika moja, na ni mojawapo ya zile 15 za kupanda kwenda Yerusalemu, kuanzia ya 120 hadi ya 134. Wanaosali Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, huikuta Jumanne ya juma la tatu katika mzunguko wa majuma manne. Kichwa chake kinamtaja Daudi. Anayesema moyo wake hauna kiburi wala hajishughulishi na mambo makuu ni mfalme, mtu ambaye mambo makuu ndiyo yaliyokuwa kazi yake kutwa.

Aya ya pili inamwonyesha mtoto aliyeachishwa kunyonya, ametulia kifuani mwa mama yake. Tusimfikirie mtoto mchanga. Waisraeli walinyonyesha muda mrefu: mama wa wale ndugu saba katika 2 Wamakabayo 7:27 anataja miaka mitatu, na Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa (Mwanzo 21:8). Basi huyu anatembea na kusema. Amekwisha kulia zile siku za kupakiwa shubiri, amejua ziwa halipo tena, na bado anakuja kupakatwa, safari hii bila kuvuta nguo ya mama. Anamtaka mama mwenyewe.

Kila majira humwachisha Mkristo kitu alichokizoea katika sala. Kijana aliyewaka kwenye mikesha anaajiriwa, na zamu za usiku zinamwondolea mkesha. Aliyejifungua anapoteza ukimya wa alfajiri. Mgonjwa hawezi kupiga magoti. Mzee haoni tena maandishi madogo. Hapo kiburi hujificha vizuri kwa sababu huvaa nguo za bidii: tunang'ang'ania kipimo cha majira yaliyopita, tunashindwa, tunajilaumu, mwisho tunaacha kabisa.

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliinukuu zaburi hii mwanzoni mwa sura ya 7 ya Kanuni yake, kitabu cha kuongoza maisha ya watawa, kabla ya kueleza ngazi ya unyenyekevu yenye vipandio 12. Wengi huishia kwenye ngazi hiyo, lakini kwa watu wenye familia na vibarua, sura ndogondogo zina msaada wa karibu zaidi. Sura ya 37 inawalegezea wazee na watoto masharti ya chakula, waruhusiwe kula kabla ya saa iliyopangwa. Sura ya 50 inasema ndugu wanaofanya kazi mbali, wasioweza kuwahi kanisani, wasali palepale walipo, wakipiga magoti. Sura ya 20 inataka sala iwe fupi na safi. Ndiyo Kanuni inayofuatwa hadi leo katika monasteri za Peramiho, Ndanda na Hanga.

Kwa hiyo panga kipimo cha majira uliyomo. Usianze na saa ya ukutani, anza na jambo unalolifanya kila siku hata usipotaka: kuwasha jiko, kusubiri daladala, kumnyonyesha mtoto usiku wa manane. Sala ifungwe hapo. Mwenye dakika 10 afanye ishara ya msalaba, asome zaburi polepole mara mbili, anyamaze dakika tatu, aombe jambo moja kwa ajili ya mtu mwingine, amalize na Baba Yetu. Kama Biblia iko kwenye simu, zima data kabla ya kuifungua, la sivyo zile dakika tatu za kimya ndizo zitakazoliwa kwanza. Mwenye mtoto mchanga zinamtosha dakika mbili na aya moja aliyoikariri, maana mikono imejaa na taa imezimwa. Mkulima wakati wa palizi asimame mwisho wa tuta, aweke jembe chini, aseme Baba Yetu moja, aendelee.

Kinachoharibu mipango mingi ni kulipa madeni. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu na kidogo kwa siku ukitaka kuimaliza kwa mwaka. Ukikosa siku 10 unadaiwa sura 33, na kama umefika Walawi, safari huishia hapo. Usilipe. Fungua sura ya leo. Anayehangaika kulipa mara nyingi anautaka usafi wa daftari lake, kama yule Farisayo aliyemhesabia Mungu mfungo wa mara mbili kwa juma (Luka 18:12).

Majira ya neema, kwa kweli, ni hatari kuliko ya dhiki. Kumbukumbu la Torati 8:12–17 inaonyesha mwendo wake: umekula ukashiba, umejenga nyumba nzuri, mifugo imeongezeka, kisha moyo unasema ni mkono wangu uliofanya haya. Dalili ya mapema ni sala ya chakula inayosemwa huku kijiko kiko njiani. Rudia maneno yaleyale uliyoyasema siku za njaa, na ongeza sadaka kimyakimya bila kuipeleka jumuiya kama ushuhuda.

Kwa wazee kuna Zaburi 71:9, ombi la kutotupwa wakati wa uzee. Mzee aliyeongoza sala za jumuiya miaka mingi amwachie kijana nafasi, hata akikosea mpangilio wa rozari, asimkatize. Na anayemtunza mzee nyumbani amsomee Zaburi 131 kwa sauti, asimame baada ya kila aya, amwache mzee aendelee kwa kichwa akiweza. Wapo wanaosahau majina ya wajukuu lakini Baba Yetu wanaimaliza yote. Akitumia maneno ya kitabu cha zamani, usimsahihishe.