Mbuzi Tatu za Kukunia Nazi

Siku za shule hatuna shida sana. Watoto wengi wa hapa Maweni, karibu na soko la Kongowea mjini Mombasa, hupata githeri shuleni mchana. Shida ni Jumamosi: mama kaenda Nyali kufua nguo za watu, baba yuko sokoni na mkokoteni, na mtoto anapiga miayo barazani mpaka magharibi.

Tulianza kuwapikia Jumamosi tukiwa wanawake watatu na sufuria la kuazima. Siku ya kwanza tuliwaita watoto saa nne asubuhi, wakaja kumi na kitu. Kumbe wengine wote wako madrasa! Tukasogeza chakula hadi saa nane, na Ramadhani sufuria huhamia jioni. Wasiofunga nao husubiri futari kwa hiari yao, maana kuna muhogo wa nazi.

Kisha tukapambana na maharagwe. Tuliyainjika alfajiri kwa maji ya kisima, saa nane bado yanagonga meno kama kokoto, na makaa yamekwisha. Bibi mmoja jirani akatucheka: "Wanangu, maharagwe na maji ya chumvi wapi na wapi?" Sasa maji ya kupikia tunanunua kwa mtungi, ya kisima tunaoshea vyombo. Na tumehamia pojo, haziringi jikoni. Watoto 60 ni mchele kilo 8, pojo kilo 4 na nazi 14.

Upande wa malezi ndio uliotutoa jasho. Tulimleta kijana aliyemaliza chuo azungumze nao kuhusu maisha ya mbele. Alisema vizuri, lakini macho yote yalikuwa kwenye sufuria (yangu pia). Tukajaribu baada ya kula, wakasinzia.

Aliyetuokoa ni bibi yuleyule. Nazi 14 si mchezo kwa mikono ya kizee, na wavulana wakubwa walikuwa wakizurura tu wakingoja sahani. Akawaita, akawakalisha kwenye mbuzi. Mmoja akanung'unika kwamba kukuna nazi ni kazi ya wanawake. "Na kula, je?" bibi akamuuliza. Akakuna.

Sasa tuna mbuzi tatu, na kando ya kila moja hukaa mtu mzima akipasua nazi. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno hutoka. Yule mnung'unikaji, wa miaka 13, aliniambia bila kuinua kichwa: "Anti, kuna makaka wananipa hela nibebe mfuko. Wamenikataza kuufungua." Moyo ulinipasuka. Nikamwambia tu, "Geuza kifuu, upande huo bado una nyama." Jioni nilikwenda kwa mamake pamoja na mzee wa mtaa, kimyakimya. Tangu hapo fundi baiskeli wa mtaani ndiye anayekaa naye kila Jumamosi.

Hapo tuna sheria moja: mtu mzima asiyeweza kuja Jumamosi nne mfululizo asianze kabisa. Watoto hawa wameshaachwa na watu wengi.

Wafadhili nao, tuseme tu ukweli, ni wa kupimwa. Tajiri mmoja alituahidi mchele wa muhula mzima. Alileta mara moja, akapiga picha na watoto wameshika pakiti, hatukumwona tena. Jumamosi mbili hatukupika, na watoto wakaja na sahani zao hivyohivyo. Siku hizi tunachanga wenyewe, na wachuuzi wa Kongowea hutuwekea nazi zilizopata ufa, ambazo mteja hazitaki.

Jumamosi iliyopita yule mnung'unikaji alikuja na mdogo wake wa miaka sita. Akampakata kwenye mbuzi, akamshika mkono asijikate. Nazi ile haikufika sufuriani. Mdogo mtu alikuwa akikuna na kula, na kaka yake akijifanya haoni.